Taa Mbili za Kijani

Mke wangu alichomwa sindano ya kushusha sukari mara mbili kwa mlo mmoja. Ya pili alichomwa kwa sababu kompyuta ya wodi ilisema ya kwanza bado. Kompyuta ilisema hivyo kwa sababu mdogo wake mke wangu, ambaye ndiye aliyekuwa akitunza seva za hospitali, aliacha kazi katikati akaenda kuwasha projekta. Hayo ndiyo yaliyotokea. Yaliyobaki ni namna tu yalivyotokea.

Mimi ni fundi umeme wa hospitali hiyohiyo. Shule niliiacha mapema. Kazi nilifundishwa na umeme wenyewe, kwa kunitupa chini. Shemeji yangu yeye alisoma. Alikuja nyumbani kwangu siku ileile niliyomwoa dada yake, mtoto mwembamba mwenye begi la nguo, maana mama yao alikuwa amefariki na hakukuwa na mwingine wa kumlea. Mke wangu alimwita Njiti kwa wembamba wake. Alimvisha, akamsomesha, akamchapa alipostahili. Pale kazini walimwita Mtaalamu, wengine kwa heshima, wengine kwa kejeli. Sisi wawili tuliitana shemeji.

Seva zilikuwa mbili, ndani ya kabati la chuma, kwenye chumba cha baridi chini ya jengo la zamani. Shemeji alizipa majina, Bi Mkubwa na Bi Mdogo. Bi Mkubwa ndiye aliyefanya kazi. Kila kilichoandikwa hospitali nzima, homa ya mtoto, dawa ya mzee, kitanda kilichohama, kilikwenda kwake, na papo hapo nakala ikapelekwa kwa Bi Mdogo. Bi Mdogo kazi yake ilikuwa kukaa na kumsikiliza mwenzake. Kila mara Bi Mkubwa alituma ishara kwenye waya: nipo, nipo, nipo. Ishara ikikatika, Bi Mdogo alivuta subira kidogo, akahesabu kwamba mwenzake amekufa, akashika kazi yeye. Wauguzi huko juu hawakujua hata kama kuna lililotokea.

Alitueleza hayo siku moja akila kwetu, akipanga vijiko viwili mezani.

"Kuoa hujaoa," dada yake akamwambia, "unafuga wake wenza kwenye chumba cha baridi."

"Dada, hawa hawagombani."

"Ngoja wanuniane, ndipo utajijua."

Tulicheka. Nilikumbuka maneno hayo baadaye na sikucheka.

Siku yenyewe, mke wangu alikuwa amelazwa jengo jipya, ghorofa ya nne, wodi ya wanawake. Sukari ilikuwa imemtoboa mguu, kidonda kimekataa kufunga. Walikisafisha, wakakifunga, kikaanza kunywea. Daktari alikuwa ameshasema kesho anarudi nyumbani. Nilikuwa nimemnunulia viatu vya wazi, vipana, visivyogusa bandeji.

Siku hiyohiyo kulikuwa na wageni wa Mkurugenzi, watu waliosaidia kujenga jengo jipya. Mkurugenzi alikuwa amewaahidi kwamba watalikuta limeunganishwa na mfumo. Tatizo ni kwamba jengo jipya lilitandazwa waya na kampuni nyingine, na anwani zake za mtandao ziligongana na zetu. Ni kama mitaa miwili yenye namba zilezile za nyumba. Barua ya huku inakwenda kule. Ikabidi kila kifaa kipewe anwani mpya, na seva nazo zimo.

Kuibadilishia anwani kompyuta ya kawaida ni kazi ya kung'oa kibao mlangoni na kupigilia kingine. Kwa wale wawili haikuwa hivyo. Walikuwa wanasikilizana, na hospitali ilikuwa inawatumia. Ukimbadilisha mmoja tu, mwingine anasikia kimya, na kwao kimya maana yake ni kifo. Kwa hiyo unawaambia kwanza wote wawili: hapa kuna matengenezo, asiamue mtu. Kisha unambadilisha mmoja, unambadilisha wa pili, unahakikisha wamesikilizana tena, ndipo unawaachia. Ukiwaachia kabla hawajasikilizana, kila mmoja anajiona mjane.

Zamani kulikuwa na waya wa pili, mfupi, uliotoka kwa mmoja kwenda kwa mwenzake moja kwa moja bila kupita kwenye mtandao. Ulikuwa wa kunong'onezana tu. Huo ungekuwepo, hata anwani zikivurugika wangeendelea kusikiana. Lakini zilipofungwa kamera za getini, tundu la waya ule ndilo lililochukuliwa. Shemeji aliomba kifaa cha kuongeza tundu. Akaambiwa avumilie.

Mchana ule nilikuwa naye chumbani. Kazi yangu ilikuwa kusimama kwenye swichi kubwa, umeme ukikatika nihakikishe jenereta inapokea bila kuleta ujinga. Shemeji alivaa koti juu ya shati, maana kile chumba kinauma mifupa. Akaandika agizo la matengenezo. Taa mbili za kwenye kabati zikawa njano. Akambadilisha Bi Mdogo, akamjaribu, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Akavuta kiti kwa Bi Mkubwa.

Simu ikaita. Mkurugenzi ana sauti ya kusikika hata simu ikiwa sikioni mwa mtu mwingine.

"Mtaalamu! Nina wageni ukumbini na skrini yangu ina njano. Njano ya nini?"

Nieleze. Ukumbini kulikuwa na skrini kubwa ya ukutani iliyoonyesha hali ya mfumo. Mkurugenzi aliipenda kuliko picha yake ya ukutani. Kijani, mambo safi. Njano, matengenezo. Nyekundu, mmoja hayupo. Mbele ya wageni, yeye alijua kijani tu.

"Ni matengenezo, mheshimiwa," shemeji akasema. "Nusu saa tu."

"Nusu saa! Wananiuliza kama mfumo umekufa. Niwaambie nini, kwamba leo tumevaa njano?" Nikasikia watu wakicheka nyuma yake.

"Nikiiondoa sasa ni hatari. Mmoja nimeshambadilisha, mwingine bado."

"Huyo ambaye bado, anafanya kazi?"

"Anafanya."

"Sasa hatari iko wapi? Weka kijani, uje huku. Projekta haionyeshi kitu na wewe ndiye unayeijua tabia yake. Dakika tano."

Simu ikakatwa.

"Mwambie hapana," nikamwambia.

"Wewe ulishawahi kumwambia hapana?"

Sikuwahi.

Akasimama katikati ya zile seva, akawa anafikiri kwa sauti, kama alivyokuwa akifanya hesabu za shule mezani kwetu. "Nikimzima Bi Mdogo, ukumbini inakuwa nyekundu. Nikiacha hivi, njano. Kijani inataka wote wawe macho na wawe huru. Sawa. Nikiwaachia, Bi Mdogo hatamsikia mwenzake. Atasema amekufa, atashika kazi. Lakini atashikia mtaa mpya, na mtaa mpya hauna watu. Jengo jipya wanalihamisha jioni. Atajitangaza peke yake dakika tano, nitarudi nimzime. Bi Mkubwa ataendelea na watu wake kama kawaida."

Nilimsikiliza na sikuona tundu. Tundu lilikuwepo. Mafundi wa ile kampuni walitaka kuondoka mapema, wakalihamisha jengo jipya mchana uleule badala ya jioni. Walimwambia katibu wa Mkurugenzi. Katibu alikuwa anapanga viti vya wageni.

"Shemeji, usiguse kitu," akaniambia. Akaondoa agizo.

Taa zikatulia kidogo, kisha zikawa kijani. Zote mbili. Kila seva ilikuwa inasema kweli: mimi nipo, mimi ndiye ninayefanya kazi. Hakuna aliyekuwa ameziuliza kama ziko mbili zinazosema hivyo.

Alivua koti akatoka mbio. Mimi nikafunga mlango kwa ufunguo, nikapanda kumwona mke wangu.

Nilimkuta amekaa, mguu juu ya mto. Muuguzi wa zamu ya asubuhi, mama mmoja mnene mpole, alikuwa amefika kitandani na kitoroli chake chenye kompyuta. Akamchoma sindano ya kabla ya chakula tumboni, mbele yangu. Akaandika kwenye kompyuta, nayo ikamwonyesha alama ya vyema. Sasa najua ile alama ilitoka kwa Bi Mdogo. Wodi zote za jengo jipya, tangu pale shemeji alipoondoa agizo, zilikuwa zinamwandikia yeye. Jengo la zamani, yaani mapokezi, duka la dawa, maabara na upasuaji, lilikuwa linamwandikia Bi Mkubwa. Kila jengo liliita, na kila jengo liliitikiwa.

"Lete nione hivyo viatu," mke wangu akasema.

Nikamwonyesha.

"Hivi ni vya kiume."

"Ni vipana."

"Nitatembea kama bata."

"Mradi utatembea."

Akala kidogo, akasukuma sahani. "Chakula chao hakina chumvi wala aibu. Njiti amekula?"

"Yuko na wakubwa ukumbini."

"Basi hajala." Akanipa ndizi yake moja nimpelekee. Niliitia mfukoni mwa ovaroli.

Zile dakika tano zikawa masaa matatu. Projekta iliwaka, lakini Mkurugenzi akamwambia akae hapohapo awe anasogeza picha wakati yeye anahutubia. Shemeji alikaa kwenye kiti cha mbele, mbele ya wageni, na juu ya kichwa chake skrini ya ukutani ilikuwa kijani tupu. Aliniambia baadaye kwamba hakuacha kuigeukia. Aliinuka mara moja tu, aondoke. Mkurugenzi akamwekea mkono begani, akatabasamu kwa wageni, akasema, "Huyu ndiye kijana wetu wa mitambo," nao wakampigia makofi. Akakaa.

Aliporudi nilikuwa namngojea mlangoni. Hakuniangalia. Alikaa kwa Bi Mdogo ili amzime, akasoma. Akasoma tena.

"Shemeji," akasema, "kuna watu humu."

"Watu gani?"

"Wodi. Wodi zote za jengo jipya. Wamekuwa wakiandika humu tangu mchana."

"Si umesema wanahama jioni?"

"Wamehama mapema." Alikuwa ameshika kichwa kwa mikono miwili.

Akanieleza, na mimi nilielewa haraka kuliko nilivyotaka. Zile seva zilikuwa na hospitali mbili tofauti ndani yake. Kuanzia mchana kila moja ina mambo ambayo mwenzake haina. Haziwezi kuungana zenyewe. Kila moja inasema mimi ndiye mwenye habari za kweli. Ili zirudi kuwa kitu kimoja, lazima mtu aiambie moja: tupa vyako vya leo mchana, chukua vya mwenzako.

"Kuna njia nyingine," akasema. "Ninasimamisha mfumo mzima. Ninatoa ya Bi Mdogo yote, moja moja, ninayaingiza kwa Bi Mkubwa. Mpaka jioni wodi zinaandika kwa mkono."

Akampigia Mkurugenzi. Safari hii sauti ya huko ilikuwa ya chini, ya mtu anayetembea na watu, na sikuisikia. Nilisikia ya huku tu.

"Ndiyo, mheshimiwa... Najua wako wodini... Hapana, haitakuwa nyekundu kwa muda mrefu... Ndiyo. Ndiyo. Nimeelewa."

Akaweka simu chini. "Wageni wanapita wodini sasa hivi. Amesema skrini za vitoroli zikizimika mbele yao nisirudi kesho."

Alifanya kama fundi anavyopaswa kufanya, na hilo nalisema popote. Kwanza alinakili kila kilichokuwa kwa Bi Mdogo kwenye diski ya pembeni, akahakikisha nakala inafunguka. Ndipo akambadilishia anwani Bi Mkubwa, akawafanya wasikilizane, akamwambia Bi Mdogo atupe vyake. Hospitali nzima ikarudi kumwandikia Bi Mkubwa. Kwenye wodi za jengo jipya, mchana mzima ukawa mweupe. Nakala angeirudisha jioni.

"Sasa wauguzi," akasema. "Zamu imebadilika. Wanaoingia wataona mchana hakuna kilichofanyika. Simu za jengo jipya hazijaungwa. Shemeji, kimbia. Pita wodi zote, uwaambie wasiamini skrini kwa masaa ya mchana. Wawaulize waliotoka, wawaulize wagonjwa. Mimi siwezi kuondoka hapa, wakiachana tena tumekwisha."

Nikakimbia.

Nilianza ghorofa ya kwanza. Ndivyo ninavyokagua nyaya: chini kwenda juu, bila kuruka. Na kuna jingine. Sindano ya mke wangu mimi niliiona kwa macho yangu. Kwangu mimi ilikuwa imekwisha, haina shaka. Niliowakimbilia ni wagonjwa wa watu wengine.

Wodi ya watoto, sista mkuu alinitazama kuanzia viatuni.

"Fundi, leo umepandishwa cheo, umekuwa daktari?"

"Sista, msiamini skrini. Yaliyoandikwa mchana yamefutika."

"Nani kasema?"

"Mtaalamu."

"Basi aje yeye. Au alete karatasi yenye mhuri. Nikiacha kufuata mfumo kwa maneno ya fundi taa, kesho nitaulizwa mimi, si wewe."

"Angalia mwenyewe. Mchana huu mmeandika nini?"

Akaangalia. Akaita jina la Mungu. Akawaita wauguzi wake, wakaanza kukumbushana, nani kapewa nini, nani kapimwa homa. Akanishika mkono wa ovaroli nisiondoke, akaniuliza zitarudi lini, zimekwenda wapi, nani atawajibika. Maswali yote yalikuwa ya haki. Ghorofa ya pili ikawa vilevile, ila huko walibishana zaidi.

Kati ya ya pili na ya tatu, mlinzi alikuwa amesimama katikati ya ngazi. Lifti ilikuwa ya wageni, na ngazi nayo ikawa ya wageni.

"Ngoja, wanapita."

"Mimi ni mfanyakazi."

"Na mimi ni mgonjwa? Nimeambiwa asipite mwenye ovaroli chafu mpaka washuke."

"Kuna hatari huko juu."

"Moto?"

"Si moto."

"Basi si hatari. Ngoja."

Ningemsukuma. Nina nguvu kuliko yeye. Niliegemea ukuta nikangoja, kwa sababu nilikuwa nimetumwa, na mtu aliyezoea kutumwa amezoea pia kungojeshwa. Wageni walikaa muda mrefu ghorofa ya tatu wakipiga picha na watoto waliozaliwa. Nilimsikia Mkurugenzi akiwaonyesha kompyuta za vitoroli. Walishuka wakicheka. Mmoja wao alinisalimia vizuri sana.

Nilimaliza ya tatu, nikafika ya nne jua likiwa limeshaingia madirishani. Muuguzi wa zamu ya jioni alikuwa binti mmoja mkakamavu, sare imepigwa pasi kwa ajili ya wageni. Nikamweleza. Akasikiliza vizuri kuliko wote, kisha akaanza kupitisha kidole kwenye skrini, na kidole kikasimama.

"Kitanda cha dirishani," akasema.

Kitanda cha dirishani ni cha mke wangu.

"Kilikuwa na alama nyekundu," akasema. "Sindano ya mchana bado, sukari ya asubuhi ilikuwa juu sana. Nikamchoma nilipoingia zamu. Aliniambia nimeshachomwa. Baba, wagonjwa wote husema hivyo, hawapendi sindano. Nikamwambia, mama, kompyuta inasema bado."

"Hukumpima kwanza?"

"Vipimo tunapewa kimoja kwa mgonjwa kwa siku. Chake kilitumika asubuhi."

Nilikwenda. Pazia la kitanda lilikuwa limevutwa pande zote. Walikuwa wameambiwa wageni wasione kidonda. Tangu alipochomwa mara ya pili, bila kula chochote, alikuwa amelala nyuma ya pazia, na kila aliyepita alisema ni vyema anapumzika.

Shuka lilikuwa limelowa. Paji la uso lilikuwa baridi kama kile chumba cha seva. Alikuwa akikoroma, na mke wangu hakoromi. Nilimwita jina lake, ambalo sikuwa nimemwita kwa miaka, maana nyumbani ni mama watoto. Macho yalikuwa wazi nusu na hayakuwa na mtu.

Yule binti alikuja na dripu ya glukosi akilia, mshipa haukuonekana. Daktari akaitwa, naye alikuwa chini akiwaaga wageni. Alikuja mbio, na ni yeye aliyeupata mshipa. Alifanya kila alichoweza na simlaumu.

Shemeji alifika baadaye. Alikuwa ameshamaliza kurudisha nakala. Alisimama miguuni pa kitanda, akaitazama kompyuta ya kitoroli, na mimi nikatazama alipotazama. Ilikuwapo. Insulini, imechomwa, kabla ya chakula, na jina la yule mama mnene wa asubuhi. Kila kilichoandikwa mchana kilirudi. Mkurugenzi aliandika kwenye ripoti kwamba hakuna kumbukumbu hata moja iliyopotea, na hilo ni kweli.

"Dada yako alikutumia ndizi," nikamwambia. Niliitoa mfukoni. Ilikuwa imepondeka. Aliichukua akabaki ameishika hivyohivyo.

Hesabu yenyewe ni hii.

Muuguzi wa jioni amesimamishwa kazi. Shemeji amefukuzwa, kwa barua inayosema alifanya matengenezo bila kufuata utaratibu. Sasa anatengeneza simu kwenye kibanda karibu na stendi. Mkurugenzi yupo, na skrini yake ni ya kijani. Mimi nipo, kwa sababu lazima mmoja awe na mshahara. Waya wa pili umerudishwa, niliufunga mwenyewe. Hauzidi urefu wa mkono wangu.

Mke wangu hakufa, lakini ubongo ulikuwa umekaa muda mrefu bila sukari. Mguu umepona, ngozi imefunga kabisa. Mkono wa kulia hauinuki. Viatu vipana viko chini ya kitanda na soli zake ni safi. Hawezi kutembea, kujilisha, wala kwenda chooni peke yake. Shemeji huja kila asubuhi kabla ya kufungua kibanda, humgeuza na kumlisha. Chakula hukipokea kutoka kwake vizuri kuliko kutoka kwangu.

Maneno aliyobaki nayo ni manne. Maji. Hapana. Njiti. La nne hulisema kila anapoona mtu anamkaribia na kitu mkononi, hata kijiko, hata kitana: nimeshachomwa.

Jina langu halimo.